Kufunga kidhibiti cha pili cha kuzuia mzigo kupita kiasi kwenye lifti ya kuegeshea magari

Lifti inayoegesha gari juu ya gari ikiandikwa kilo 2,000 kwenye kibao chake, pampu yake huenda ikanyanyua kilo 2,600 bila kulalamika. Wanaoumia ni minyororo, pini na mishono ya kulehemu, na maumivu yao hayaonekani siku hiyo. Chuma kinachoka polepole, na kinapokatika huenda gari lililo juu ni jepesi kabisa. Magari nayo yamenenepa: gari kubwa la umeme linaweza kupita kilo 2,300 likiwa tupu, na mtu akilitazama kwa nje hawezi kulitofautisha na la kilo 1,700.

Kidhibiti kikuu cha lifti kwa kawaida kina namna yake ya kupima uzito. Mwongozo huu unahusu kuongeza cha pili, cha akiba, kitakachosimamisha pampu hata kile kikuu kikiwa kimedanganywa, kimeganda au kimefungiwa waya na fundi aliyekuwa na haraka. Tumechukua mfano wa lifti ya haidroli yenye nguzo mbili na silinda mbili. Lifti za kamba na mota zina maelezo yake mbele. Kazi yenyewe ni ya fundi umeme wa mitambo anayejua haidroli, na mtengenezaji wa lifti akubali mabadiliko kabla hujagusa spana. Ulaya mashine hizi zina kiwango chake, EN 14010, na sehemu za udhibiti wa usalama hupimwa kwa ISO 13849-1.

Kabla ya kununua chochote

Kuna atakayesema, "Mbona relei ya joto ya mota, ile inayokata umeme mkondo ukizidi, tayari ipo?" Ipo, lakini inalinda mota tu. Relei hiyo kwa kiwango chake haitakiwi kukata kwa mkondo wa mara 1.05 ya ulioseti hata baada ya saa 2, na kwa mara 1.2 ina nafasi ya hadi saa 2 ndipo ikate. Lifti inapanda kwa muda usiofika dakika mbili. Mzigo ukizidi kwa asilimia 20, gari litakuwa limeshafika juu na dereva ameshaondoka kabla relei haijapata hata joto.

Kidhibiti cha akiba kinafaa pale tu ambapo hakishiriki na kikuu kitu chochote kinachoweza kufa: kihisi, umeme, kebo, programu, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota). Ukichukua ishara ya kihisi kilekile ukaigawa kwa vidhibiti viwili, bado una kidhibiti kimoja chenye taa mbili. Kwa hiyo kama kikuu kinapima kwa seli za mzigo (vihisi vya uzito) zilizo chini ya jukwaa, cha akiba kipime shinikizo la mafuta. Kama kikuu kinatumia shinikizo, geuza. Tena cha akiba kiwe kijinga kuliko kikuu, yaani kisiwe na programu, skrini wala mtandao. Kazi yake ni moja: kiwango kikipitwa, kikate.

Hesabu ya shinikizo

Tafuta vitu vinne: uzito wa kibao, uzito wa jukwaa na minyororo yake, kipenyo cha pistoni, na uwiano wa mnyororo. Wengi hukosea kwenye hilo la mwisho. Lifti nyingi za aina hii zina mnyororo unaopita juu ya puli iliyo kichwani mwa silinda, hivyo silinda ikienda sentimita 90 jukwaa linakwenda 180. Kwa sababu hiyo silinda hubeba nguvu mara mbili ya uzito.

Mfano: gari kilo 2,000, jukwaa kilo 500, silinda mbili za kipenyo cha mm 60, mnyororo wa 2 kwa 1.

Uzito wote ni kilo 2,500, sawa na niutoni 24,525. Zidisha kwa 2 kwa ajili ya mnyororo, upate 49,050. Gawa kwa silinda mbili, kila moja inabaki na 24,525. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 28.3. Shinikizo linatoka takriban baa 87.

Kwa njia hiyohiyo jukwaa tupu likining'inia linatoa baa 17, gari la kilo 2,200 (asilimia 110) baa 94, na la kilo 2,500 (asilimia 125) baa 104. Kila kilo 100 za gari ni kama baa 3.5. Andika namba hizi kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa paneli, maana utazihitaji tena kila mwaka.

Hesabu hii haina msuguano wa sili wala wa vitelezi vya jukwaa, kwa hiyo kipimo halisi wakati wa kupanda kitakuwa juu kidogo. Vizingiti vya mwisho vitatokana na mizani. Hesabu inakuonyesha tu kama umesimama mahali sahihi: ukisoma baa 45 mahali pa 87, ama umesahau mnyororo ama kihisi kiko upande usiofaa.

Vifaa

Vihisi 2 vya shinikizo, baa 0 hadi 160, vyenye ishara ya mkondo wa 4–20 mA (4 kwa baa 0, 20 kwa baa 160) na kizuia mshtuko mdomoni. Kwa kipimo hiki kila baa 1 ni 0.1 mA, hivyo baa 94 ni 13.4 mA, namba rahisi kukagua kwa multimita.

Moduli 2 za kizingiti za kufunga kwenye reli ya DIN, kila moja na relei mbili zenye jozi mbili za miguso. Zichague zinazotambua waya uliokatika: chini ya 3.6 mA au juu ya 21 mA zihesabu kuwa ni hitilafu na zifungue relei.

Relei 1 ya usalama yenye njia mbili za kuingilia, mzunguko wa mrejesho na kitufe cha kurudisha kinachosimamiwa.

Kontakta 1, tutaiita K2, ya 9 A kwa daraja la AC-3 (la kuwasha mota) kama mota ni ya kW 2.2 kwa volti 400. Mguso wake msaidizi wa mrejesho uwe wa aina inayoakisi miguso mikuu. Usichukue ule wa kupachika tu usio na alama hiyo, kwani miguso mikuu ikiungana kwa joto utaendelea kukuambia mambo ni shwari.

Usambazaji wa volti 24 wa peke yake, fyuzi ya 2 A, kebo yenye ngao ya wavu wa shaba, kitufe, taa nyekundu, na kisanduku cha IP65, yaani kisichoingiza vumbi wala maji.

Betri tumeiacha kwa makusudi. Watu huanza na betri wakisikia neno "akiba", lakini hapa umeme ukikatika K2 inaachia na pampu inasimama, na ndicho unachotaka. Kinachosumbua ni volti kushuka kidogo mota inapowaka, relei ya usalama ikaachia bure. Dawa yake ni moduli ya kapasita ya kushikilia volti 24 kwa nusu sekunde hivi.

Kufunga vihisi

1. Pandisha jukwaa tupu, lilaze juu ya makucha yake ya kufungia, kisha ongeza nguzo za chuma chini yake. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli.

2. Shusha shinikizo lote kwa vali ya mkono. Usifungue kiungo chochote cha silinda jukwaa likiwa linaning'inia. Hata baa 17 zinatosha kupenyeza mafuta kwenye ngozi.

3. Kihisi kikae upande wa silinda, baada ya vali inayozuia mafuta kurudi. Ukikiweka upande wa pampu kitasoma vizuri lifti ikipanda, kisha kitarudi sifuri pampu ikizima huku tani mbili na nusu zikining'inia juu. Hapo mfumo utaamini jukwaa liko sakafuni.

4. Tumia tundu la kupimia lililoachwa kwenye silinda au kwenye bloku ya vali. Usikate bomba uweke kiungo cha T kati ya silinda na vali ya kupasuka kwa bomba, ile inayofunga mafuta bomba likipasuka. Vali hiyo imefungwa moja kwa moja kwenye silinda ili pasiwe na kitu cha kupasuka nyuma yake, nawe ukiongeza T umekileta kitu hicho. Kama tundu halipo, muulize mtengenezaji wa lifti. Kutoboa silinda hapana.

5. Kaza, rudisha mafuta, pandisha na kushusha jukwaa tupu mara tano au sita kutoa hewa. Hewa ikibaki utaiona: kipimo kinapanda kwa kuchelewa na kinatetemeka.

Nyaya

K2 inakaa mfululizo na kontakta ya zamani, K1, kwenye nyaya tatu za umeme wa mota ya pampu. K1 inaendeshwa na kidhibiti kikuu, K2 na relei ya usalama peke yake. Usifunge koili ya K2 kupitia kidhibiti kikuu eti kwa kuwa kipo karibu. Mguso wa mrejesho wa K1 na wa K2 uingie mfululizo kwenye mzunguko wa mrejesho wa relei ya usalama, ili kontakta yoyote ikinasa, lifti isirudishwe kazini.

Ile miguso miwili ya kila moduli ina sababu. Wengi hufunga moduli ya silinda ya kushoto kwenye njia ya 1 na ya kulia kwenye njia ya 2. Kwenye mchoro inapendeza. Sasa gari likae upande mmoja, silinda ya kushoto ipite kizingiti na ya kulia isipite: njia moja imefunguka, nyingine bado. Relei nyingi za usalama huchukulia hiyo kuwa hitilafu na kukataa kurudi hadi njia zote mbili zifunguke. Mhudumu anabonyeza kitufe hadi anachoka, kisha anaitwa fundi wa kutia waya wa mkato. Kwa hiyo funga hivi: mguso wa kwanza wa moduli zote mbili mfululizo kwenye njia ya 1, mguso wa pili wa moduli zote mbili mfululizo kwenye njia ya 2. Silinda yoyote ikizidi, njia zote mbili zinafunguka kwa pamoja.

Relei ya pili ya kila moduli iseti kwa baa 10, ifunge mguso wake shinikizo likiwa chini ya hapo, na miguso hiyo uiweke mfululizo na kitufe cha kurudisha. Jukwaa tupu likining'inia linasoma baa 17, kwa hiyo chini ya 10 maana yake ni moja: jukwaa halining'inii, limelala sakafuni au juu ya makucha yake. Hakuna atakayeweza kurudisha mfumo na kujaribu "mara moja tu" gari likiwa linaning'inia.

Vali ya kushushia usiiguse. Mzigo ukizidi, K2 inazuia kupanda tu. Kushuka kubaki kunawezekana kwa kitufe cha kushikilia, huku vali ya kudhibiti mwendo ikifanya kazi yake. Kufungia mzigo mkubwa hewani si usalama.

Kebo za vihisi zipite njia yao, sentimita 20 au zaidi kutoka kebo ya mota, na zikikutana zikatane kwa pembe mraba. Ngao ifungwe ardhini upande wa paneli tu. Na kwenye koili ya K2 usitie diodi ya kawaida kuzima mwiba wa volti, kwani inachelewesha kontakta kuachia mara kadhaa ya muda wake. Tumia kizuia mwiba alichopendekeza mtengenezaji wa kontakta.

Kuseti kwa uzito wa kweli

Tafuta mizigo iliyopimwa: vyuma, matofali ya zege, au gari lililotoka mizanini na cheti chake mkononi. Uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari usiutegemee, mara nyingi hauna mafuta wala mizigo.

1. Soma shinikizo la silinda zote mbili jukwaa likiwa tupu, kisha kwa kilo 1,000, kisha 2,000. Soma wakati wa kupanda, sio wa kushuka. Msuguano unaongeza shinikizo wakati wa kupanda na kulipunguza wakati wa kushuka, na tofauti inaweza kufika asilimia kadhaa.

2. Namba tatu hizo zikikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, endelea. Zikipinda, kuna kinachokwama: kitelezi kikavu, nguzo isiyosimama wima, mnyororo mmoja mrefu kuliko mwenzake.

3. Rudia kilo 2,000 kwa mgawanyo wa 60 mbele na 40 nyuma, kisha geuza. Andika usomaji mkubwa kuliko wote.

4. Pandisha mzigo kamili mara 20 ukirekodi kilele cha shinikizo jukwaa linapoachana na sakafu. Tuseme mwendo wa kawaida unasoma baa 89 na kilele ni 98 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hapo kizingiti cha baa 94 kitahitaji ucheleweshaji wa nusu sekunde. Ukijikuta unahitaji sekunde mbili, usiongeze muda. Pampu inaanza kwa kishindo, tibu kishindo hicho.

5. Weka kilo 2,200. Jukwaa linatakiwa kukatwa ndani ya sentimita chache kutoka sakafuni. Lisipokatwa, shusha kizingiti baa moja moja, lakini kibaki juu ya usomaji mkubwa wa hatua ya 3.

Kidhibiti kikuu, kwa upande wake, kikate mapema zaidi, tuseme asilimia 105. Ikifanya kazi hivyo, cha akiba hakitasikika kwa miezi. Siku kikisikika, swali la kwanza si gari lina uzito gani. Uliza kwa nini kikuu kilinyamaza.

Angalia pia vali ya kupunguza shinikizo ya pampu. Iwe juu ya kizingiti chako. Ikiwa imesetiwa chini yake, mafuta yatarudi tangini, pampu itanguruma, na kidhibiti cha akiba hakitaona kitu. Kama seti ya kiwandani inagongana na hesabu yako, kagua hesabu kwanza. Lakiri ya vali haivunjwi.

Majaribio ya kuharibu kwa makusudi

Yafanye jukwaa likiwa tupu, moja baada ya jingine, na baada ya kila moja rudisha kila kitu kilivyokuwa.

Chomoa waya wa kihisi kimoja wakati wa kupanda: pampu isimame. Tenganisha nyaya za kihisi, chenyewe kikibaki kwenye silinda, na ulishe moduli 13.5 mA kwa kifaa cha kuiga ishara: isimame baada ya ucheleweshaji ulioseti. Lisha 22 mA: isimame. Shikilia kitufe cha kurudisha kikiwa kimebanwa kwa kipande cha mbao, kisha washa umeme: mfumo usirudi wenyewe. Kwa K2, zima kila kitu, bana miguso yake kwa mkono na uache imebanwa, washa volti 24 za udhibiti tu bila umeme wa mota: relei ya usalama ikatae kurudi. Mwisho zima kidhibiti kikuu kabisa, upime kama moduli na relei ya usalama bado ziko hai. Zikifa pamoja nacho, mahali fulani wanakula sufuria moja, na kazi ya kutenganisha umeme haijaisha.

Hitilafu zinazojirudia

Inakata jukwaa likikaribia juu kabisa, hata kwa gari dogo. Kidhibiti hakina kosa. Swichi ya kikomo ya juu imesogea, jukwaa linagonga kizuizi na shinikizo linapaa. Rekebisha swichi.

Inakata asubuhi za baridi tu. Mafuta yamekuwa mazito na vitelezi vinashika. Linganisha na jukwaa tupu: kama baa 17 zimekuwa 24, tibu ulainishaji au aina ya mafuta, usipandishe kizingiti.

Silinda mbili zinatofautiana zaidi ya asilimia 10 kwa mzigo uliokaa katikati. Kagua minyororo kabla ya kushuku vihisi.

Seli za mzigo za kidhibiti kikuu zinarukaruka. Seli ya kilo 2,000 yenye 2 mV/V ikilishwa volti 10 inatoa milivolti 20 tu kwa mzigo wake kamili. Zikiwa nne zimeunganishwa, kilo 100 za gari ni robo ya milivolti. Unyevu kidogo ndani ya kisanduku cha kuunganishia unatosha kuficha gari zima. Kifungue, kikaushe, badilisha gasketi, na matundu ya kebo yaelekee chini.

Lifti za kamba na mota

Hizi hazina shinikizo la kupima. Njia nzuri ni pini ya kupimia kwenye ncha ya kamba iliyofungwa, yenye ishara ya 4–20 mA, na mengine ya K2, miguso na kitufe yanabaki vilevile, ila kizingiti cha kuruhusu kurudisha kitokane na usomaji wa kamba iliyolegea. Kama haiwezekani, pima nguvu ya umeme kwa wati, usipime ampea. Mota ya aina hii isiyo na mzigo tayari inakula kama theluthi hadi nusu ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo ampea hubadilika kidogo sana pale unapohitaji kuona tofauti. Na kwa kuwa kushuka nako kunategemea mota na breki, mtengenezaji aseme mwenyewe kushuka na mzigo uliozidi kunaruhusiwa vipi.

Ukaguzi

Kila mwezi: soma shinikizo la jukwaa tupu kwa silinda zote mbili, uandike kwenye daftari la mashine pamoja na joto la siku hiyo, kisha chomoa waya mmoja wa kihisi kuona kama pampu inasimama. Kila mwaka rudia kilo 2,000 na kilo 2,200. Usomaji wa tupu ukihama baa 2 na kubaki huko, lifti isibebe gari hadi ijulikane ni kihisi kilichohama au ni jukwaa linalokwama, na jibu hilo linapatikana haraka zaidi kwa kuchomeka geji ya kawaida ya mshale kwenye tundu lilelile la kupimia.